Umekosa pointi za udaktari? Anza na cheti cha kidato cha nne

Wanafunzi wawili wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) wamemaliza kidato cha sita mwaka mmoja. Wa kwanza ana B ya Biolojia, C ya Kemia na E ya Fizikia, na Baraza la Mitihani (NECTA) limemwandikia daraja la pili, pointi 10. Wa pili ana D tatu mfululizo, daraja la pili, pointi 12. Kwao wa kwanza simu za pongezi hazikatiki. Kwao wa pili baba kanuna tangu asubuhi. Dirisha la udahili likifunguliwa mambo yanageuka: mwenye D tatu anaruhusiwa kuomba shahada ya udaktari wa binadamu, na mwenye pointi 10 anakataliwa.

Hakuna aliyeonewa hapo. NECTA huhesabu A kuwa 1 na kuteremka hadi F iliyo 7, kwa hiyo pointi zikiwa chache ndiyo heri. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) huhesabu kinyume chake: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Kwa hesabu ya TCU wa kwanza ana pointi 8 na wa pili ana 6. Bado wa kwanza yuko mbele, na bado anakosa, kwa sababu mwongozo wa TCU wa miaka ya karibuni una masharti mawili kwa udaktari: jumla isipungue pointi 6, na kila somo kati ya Fizikia, Kemia na Biolojia lisiwe chini ya D. E moja ya Fizikia inabatilisha uzuri wote wa Biolojia. Na E huishia kwenye 49, D inaanzia 50. Maksi moja ya karatasi ya Fizikia inaweza kuwa ndiyo iliyofunga mlango.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu wazazi na watoto wengi wakisema “alama zangu ni dhaifu” huwa hawajajua ni dhaifu wapi. Ukosefu wa pointi una sura nyingi. Yupo aliyeangushwa na somo moja. Yupo aliyefikisha D tatu akazidiwa na wenye A. Yupo mwenye S ya Kemia na F ya Fizikia, ambaye ukweli ni kwamba PCB ilimshinda. Yupo pia aliyesoma CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), akapata alama nzuri kabisa, na sasa ndio anagundua kwamba bila Fizikia ya kidato cha sita hakuna udaktari. Hao wanne hawafai kupewa ushauri mmoja, lakini mtaani ndivyo wanavyoshauriwa: “Karisiti, mwanangu,” au “Nenda China.”

Tuanze na huyo mwenye D tatu, maana habari yake ni fupi. Pointi 6 zinamruhusu kuomba, hazimhakikishii nafasi. Tangu mwaka wa masomo 2017/18, ulipoachwa ule mfumo wa TCU wa kuchagua wanafunzi kwa pamoja, kila chuo hupokea maombi yake na kupanga waombaji wake kuanzia juu. Chuo cha Muhimbili (MUHAS) kinavuta wenye A za nchi nzima, na mwenye D tatu anayekiweka Muhimbili peke yake kwenye maombi anapoteza ada ya maombi. Mwongozo wa TCU una safu inayoonyesha idadi ya nafasi kwa kila programu katika kila chuo. Watu huisoma safu ya masharti na kuiruka hiyo, ilhali ndiyo inayosema mlango una upana gani. Mwenye D tatu apeleke maombi kwenye vyuo kadhaa, vya serikali na vya binafsi, asikate tamaa awamu ya kwanza ikipita. Waliochaguliwa vyuo zaidi ya kimoja hulazimika kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri wanayotumiwa, na nafasi wanazoziacha hurudi kwenye awamu ya pili na ya tatu. Asome pia mwongozo wa mwaka huohuo anaoomba, si wa kaka yake. Masharti haya yamewahi kupandishwa na kushushwa.

Hapa niseme neno kuhusu mawaidha ya kwenye mtandao. Kijana akitafuta namna ya kuingia chuo cha udaktari akiwa na alama ndogo, nyingi ya kurasa atakazokutana nazo zimeandikwa Marekani. Ataambiwa arudie MCAT, mtihani wenye alama kuanzia 472 hadi 528, aandike insha ya kujieleza, ajitolee hospitali, atafute barua za maprofesa, ajiandae kwa usaili. Kwa Mmarekani ni ushauri mzuri, kwa sababu huko udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza na chuo humpima mtu mzima. Kwetu, kwa kawaida, hakuna MCAT, wala insha, wala usaili. Kompyuta inasoma herufi. Unaweza kujitolea wodini miaka miwili ukawa kipenzi cha manesi wote, na E ya Fizikia ikabaki E. Kwa hiyo Mtanzania aliyekosa ana njia za kweli chache, na zote zinapitia kwenye herufi nyingine.

Kurisiti, yaani kurudia mtihani, ni ya kwanza. Binafsi naiona inamfaa yule wa B, C na E, na wengine wachache. Anayerisiti anapaswa kuwa na somo moja lililomwangusha, na awe anaijua sababu: aliugua mwezi wa tano, au shule yao ilikaa bila mwalimu wa Fizikia kidato cha tano chote. Sababu ikijulikana inatibika. Asiyeijua atarudi na karatasi ileile, isipokuwa namba ya mtihani itakuwa inaanza na P ya watahiniwa wa kujitegemea badala ya S ya shule.

Wanaorisiti huangushwa na mambo mawili ambayo hayahusu akili. La kwanza ni kalenda. Matokeo hutoka Julai, na usajili wa mtihani wa Mei unaofuata hufanyika nusu ya pili ya mwaka huohuo. Familia inayotumia miezi mitatu kuomboleza hukuta usajili umepita au una faini. La pili ni maabara. Fizikia, Kemia na Biolojia kila moja ina karatasi tatu, na ya tatu ni ya vitendo. Vituo vya tuisheni mjini vimejaa maswali ya miaka iliyopita na majibu yake, lakini vingi havina bomba la maji, seuze bureti. Mtahiniwa aliyekesha na madaftari mwaka mzima anaingia chumba cha mtihani wa Kemia na kushika bureti kwa mara ya kwanza tangu aache shule. Anafungua koki, asidi inashuka kwa kasi, na myeyuko wa njano uliotakiwa kuishia kwenye rangi ya chungwa unaruka hadi nyekundu. Tone limezidi, na hesabu zote za ukurasa unaofuata zimejengwa juu ya tone hilo. Kabla hujalipa ada ya tuisheni, omba kwanza uonyeshwe maabara. Kama haipo, tafuta shule itakayokupokea kwa mazoezi ya vitendo, hata kama ni ya Jumamosi tu.

Njia ya pili ni utabibu, na ndiyo ninayotaka kukaa nayo, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa kuliko zote na ndiyo imewafikisha mbali wengi.

Stashahada ya Utabibu husomwa miaka mitatu, kuanzia ngazi ya nne ya tuzo za ufundi (NTA) hadi ya sita, katika vyuo kama vya Kibaha, Mafinga, Lindi na Musoma, na vingi vya binafsi na vya mashirika ya dini. Anayeingia huko haulizwi kidato cha sita. Anaulizwa kidato cha nne: ana angalau D ya Kemia, Biolojia na Fizikia? Mwanafunzi aliyeharibikiwa na PCB bado ana cheti chake cha kidato cha nne, tena mara nyingi kizuri, vinginevyo asingechaguliwa kusoma PCB. Cheti hicho ndicho kinachomfungulia.

Na akimaliza, mwongozo wa TCU unamtambua. Unaotakiwa kuusoma si ule wa waliomaliza kidato cha sita, ni ule mwingine wa wenye sifa linganishi. Humo udaktari wa binadamu umeandikiwa hivi: Stashahada ya Utabibu yenye wastani wa B, yaani GPA isiyopungua 3.0, pamoja na D za kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Stashahada inayotajwa ni hiyo ya utabibu. Ya uuguzi, famasia au maabara ina thamani yake na shahada zake, lakini anayelenga udaktari asiingie maabara kwa kudhani ataruka baadaye.

Sasa irudie orodha ile ya masomo ya kidato cha nne. Kuingia utabibu Hisabati si lazima. Kutoka utabibu kwenda udaktari Hisabati ni lazima. Na Hisabati ndilo somo la kidato cha nne ambalo Watanzania hulifeli kwa wingi kuliko mengine. Matokeo yake yako kazini leo: mtu ana stashahada nzuri, ana leseni, ana miaka minne ya kazi, anakwenda kuomba udaktari na kurudishwa kwa F ya Hisabati aliyoipata akiwa na miaka kumi na saba. Jibu lake ni kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea na kufanya mtihani wa Novemba pamoja na watoto wa umri wa mdogo wake wa mwisho. Ni aibu ya asubuhi moja, na D ya Hisabati inapatikana. Afadhali zaidi kuifuta F hiyo mapema, ukiwa mwaka wa kwanza wa utabibu, kabla hujasahau namna ya kutafuta eneo la duara.

Jambo jingine ambalo wanafunzi wa utabibu hulijua wamechelewa ni hili: herufi za sekondari zinarudiwa, GPA hairudiwi. Kidato cha sita unaweza kurisiti ukiwa na miaka thelathini. Lakini ukihitimu stashahada kwa GPA ya 2.8 umehitimu, na hakuna dirisha la kurudi kuipandisha. Wapo wanaoingia utabibu kwa kinyongo, wanasoma ili wafaulu tu, na mwaka wa tatu ndio wanaamka. Anayeutaka udaktari ahesabu tangu muhula wa kwanza. Akimaliza, aiombe mapema namba ya uhakiki wa tuzo kutoka baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, ile inayoitwa AVN, maana bila hiyo mfumo wa chuo kikuu haumwoni.

Ada nayo imekuwa kikwazo, maana kwa miaka mingi mikopo ilikuwa hasa ya shahada. Tangu 2023/24 Bodi ya Mikopo (HESLB) imeanza kukopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwamo. Si wote wanaopata, lakini asiyeomba hapati kabisa.

Kwa nini basi njia hii inadharauliwa? Nadhani ni kwa sababu tumeizoea kupita kiasi. Ingia zahanati ya kijiji Jumatatu asubuhi. Tabibu, ambaye huenda ndiye mganga mfawidhi wa mahali hapo, ana foleni ya akina mama na watoto wenye homa. Anatoboa kidole, anadondosha damu kwenye kipimo cha haraka cha malaria, anasubiri mistari, anaandika dozi ya mseto, anamweleza mama namna ya kumpa mtoto, kisha anajaza kitabu cha kumbukumbu za wagonjwa, MTUHA. Katikati anakuja kijana aliyekatwa na panga, na jioni anaandika rufaa ya mjamzito kwenda hospitali ya wilaya. Kijiji kizima kinamwita daktari. Wanaomwita “CO tu”, yaani clinical officer, ni watu wa mjini.

Nchi hii ilijengwa na kada hiyo. Wakati wa uhuru mwaka 1961 Tanganyika ilikuwa na madaktari wazalendo 12, idadi ambayo Mwalimu Nyerere aliitaja mara nyingi, na chuo cha udaktari cha Dar es Salaam kikaanza 1963. Madaktari 12 hawawezi kuhudumia nchi, kwa hiyo wakafunzwa watu wa ngazi za chini kwa miaka michache na kupelekwa vijijini. Tabibu aliyeiva kazini aliweza kurudi darasani miaka miwili akawa daktari msaidizi, AMO, na hospitali nyingi za wilaya zilikuwa mikononi mwa hao: walipasua, walizalisha, walifunga mifupa. Mwaka 2009 Colin McCord, Godfrey Mbaruku, daktari wa uzazi aliyefanya kazi miaka mingi Kigoma, na wenzao walichapisha utafiti uliolinganisha upasuaji wa uzazi wa dharura uliofanywa na AMO na ule uliofanywa na madaktari kamili katika hospitali zetu. Hawakuona tofauti ya maana katika hatima ya mama na mtoto. Wengi wa AMO hao, kidato cha sita hawakukiona.

Mafunzo ya AMO yamesitishwa miaka ya karibuni. Wengine walisikitika, na wana hoja, lakini kwa tabibu kijana maana yake ni moja: ngazi ya kati imeondolewa, na anayetaka kupanda sasa anapanda moja kwa moja kwenye udaktari.

Sisemi ni rahisi. Aliyetoka kidato cha nne kwenda utabibu hakusoma Kemia ya kidato cha tano na sita, na biokemia ya mwaka wa kwanza humkuta mikono mitupu wakati mwenzake wa PCB anacheka nayo. Ajinunulie vitabu vya Kemia ya kidato cha tano na avisome akiwa bado utabibuni. Mwaka wa tatu, wanapoingia wodini, mambo hugeuka. Wa PCB anatafuta mshipa wa mtoto kwa mara ya kwanza. Mwenzake aliyetoka utabibu ameshaitafuta mia.

Na miaka? Kwa aliyemaliza kidato cha sita, utabibu mitatu, udaktari mitano, utarajali mmoja: tisa. Wa PCB aliyepata mara ya kwanza anatumia sita. Tofauti ni miaka mitatu, na kwenye miaka hiyo mtu anapata taaluma yenye leseni. Akikwama njiani kwa ada, ugonjwa au ndoa, ana kazi. Anayerisiti mara ya tatu akikwama hana kitu mkononi.

Njia ya tatu ni kwenda nje, na mawakala wake hawana Julai inayowapita. Wanakuja na vipeperushi vya China, India, Urusi na kwingineko, na kauli yao ni kwamba huko “hawaangalii sana pointi”. Hapo ndipo pa kusimama. Wapo Watanzania waliosoma China wakarudi madaktari wazuri. Wapo pia wasioweza kufanya kazi na shahada waliyolipiwa kwa shamba la babu. TCU ndiyo inayotambua na kulinganisha tuzo za nje, na Baraza la Madaktari Tanganyika lina mtihani wake ambao mhitimu hawezi kuukwepa kwenye safari ya kupata leseni. Wakala haji kwenye mtihani huo. Ulizeni TCU kuhusu chuo kabla ya kulipa chochote, na jibu liwe la maandishi.

Dunia nayo ina yake. Corona ilipoingia 2020, China ilifunga milango, na wanafunzi wa udaktari waliokuwa likizo makwao walisoma kwa simu zaidi ya miaka miwili bila kugusa mgonjwa. Februari 2022 vita vikaanza Ukraine, na Watanzania waliokuwa wakisoma huko, wengi wao udaktari, wakakimbilia mipaka ya Poland na Romania na mabegi ya mgongoni. Hakuna mzazi angeweza kutabiri hayo. Lakini anayepima nje dhidi ya Kibaha aweke hatari hiyo kwenye mizani.

Kwa yule mwenye S ya Kemia na F ya Fizikia nina neno gumu kidogo. Usirisiti mwaka huu. Nenda utabibu kama cheti cha kidato cha nne kinaruhusu, au uuguzi, au maabara, au afya ya mazingira, na baada ya muhula mmoja jiulize kama ulikuwa unautaka udaktari au ulikuwa unaitaka sifa ya kuitwa daktari. Wa CBG naye asihangaike kutafuta Fizikia ya kidato cha sita kwa tuisheni ya usiku. D ya Fizikia ya kidato cha nne, kama anayo, inampeleka utabibu kesho.

Na wakurugenzi wa halmashauri niwaombe jambo moja. Tabibu wa zahanati akileta barua ya ruhusa ya masomo, akiwa amedahiliwa udaktari, msiikalie hadi chuo kifunguliwe na nafasi ipotee kwa hoja kwamba zahanati itabaki bila mtu. Zahanati itabaki na pengo miaka mitano, ni kweli, na mwajiriwa mwingine anaweza kuliziba. Daktari ambaye tayari anajua vijiji vyenu hamtampata kwa tangazo la ajira.

Kwa aliyeyapokea matokeo mabaya mwezi huu, kazi ya wiki hii ni ndogo: toa cheti cha kidato cha nne, angalia Kemia, Biolojia, Fizikia, Kiingereza na Hisabati, moja baada ya nyingine. Kama Hisabati ni F, anza na hiyo.